Mjomba, wewe ulianza na lipi?

Rafuni kwangu kuna kigari cha bati, Porsche 911 ya zamani, urefu wake kama kiganja. Mpwa wangu alikitoa mahali pake, akakifuta vumbi kwa ncha ya fulana, kisha akapitisha kidole juu ya paa. Polepole. Kidole kikapanda kioo cha mbele, kikafika kileleni, kikateremka hadi bampa ya nyuma bila kukwama popote.

"Mjomba, nimepata leseni," akasema huku bado anakitazama kigari. "Nataka la namna hii. Lenye turbo."

Nikacheka. Nikamwambia kijana wa miaka 19 anahitaji gari dogo, injini ndogo, breki nzima na tairi zisizo na vipara. Niliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma bango la ofisini.

"Mjomba, wewe ulianza na lipi?"

"Dogo tu."

Nilimdanganya.

Wiki tano zimepita, na maneno hayo mawili bado yananisumbua kama kokoto ndani ya kiatu.

## Nyonga za bati

Kiu ya kijana huyu haikutoka hewani. Mimi na wenzangu watatu huwa tunakutana jioni kubishana kuhusu magari, naye tangu akiwa mdogo alikuwa anajikunja pembeni kusikiliza. Na sisi hatuyazungumzii magari kama vyombo vya kumfikisha mtu aendako. Tunazungumzia mabega, viuno, nyonga. Mmoja wetu, fundi wa bodi, anaweza kumaliza dakika kumi akieleza jinsi ubavu wa Jaguar E-Type unavyoanza kuvimba kuelekea gurudumu la nyuma, na mikono yake ikauchora hewani hata asiyeujua akauona.

E-Type ikitajwa, usiku umekwisha. Ilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1961, na aliyeiumba, Malcolm Sayer, alitokea kwenye viwanda vya ndege. Mikunjo ile tunayoililia aliitafuta kwa hesabu, hewa ipite bila kugombana na bodi. Boneti lile refu nalo lina sababu zake: chini yake kuna silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na zinahitaji pa kulala.

Au ile Mercedes 300 SL ya mwaka 1954, ambayo milango yake hufunguka kwenda juu kama mbawa za ndege. Watu hudhani ni mbwembwe. Fremu yake ilikuwa ya mabomba, na mabomba yalipita juu sana ubavuni, kiasi kwamba mlango wa kawaida usingepata nafasi. Mabomba hayakuweza kuhama, kwa hiyo mlango ndio uliohama. Mimi hapo ndipo huwa naishiwa maneno: kitu kizuri kuliko vyote kimezaliwa na tatizo ambalo mtu alishindwa kulikwepa.

Halafu kuna jambo ambalo tulikuwa tunalisema mbele ya mtoto bila kulipima. Ferdinand Alexander Porsche, aliyeongoza uchoraji wa 911, alikuwa na miaka 27 ilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963. Marcello Gandini naye alikuwa na miaka 27 Lamborghini Miura ilipofunuliwa mwaka 1966, na injini yake ya silinda 12 ikiwa imelazwa kwa upana wa gari nyuma ya mgongo wa dereva. Na walionunua je? Ford ilipotoa Mustang mwaka 1964 ilikuwa inawalenga vijana waziwazi. Pontiac nayo, kwa magari yake ya mwaka huohuo, ilichukua injini ya gari kubwa ikaitia kwenye gari la wastani, ikaiita GTO, na vijana wakapanga foleni.

Kwa hiyo tumemlea humo. Tukimaliza nyonga tunahamia kwenye nguvu farasi. Siku anapopata leseni, anakuja na kidole chake juu ya paa, nami namwambia akatafute kigari cha mwendo wa kobe.

Mkuki kwa nguruwe.

## Hatua nne

Nilikuwa na miaka 22. Gari lilikuwa jekundu, milango miwili, injini mbele, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma, turbo. Jina la kiwanda silitaji kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda. Tairi za nyuma zilikuwa na vipara, maana hela yote niliimalizia kwenye redio na rimu.

Turbo za wakati ule zilikuwa na tabia ambayo madereva wa leo hawaijui. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Ukikanyaga mafuta injini ikiwa imelegea, moshi ni haba, feni inajivuta, hakuna kinachotokea. Moshi ukishakuwa mwingi, feni inashika kasi, hewa inashindiliwa kwenye silinda, na nguvu zote zinakuja kwa mkupuo, kama mtu amekupiga teke kupitia nyuma ya kiti.

Tulilipenda teke lile. Rafiki yangu alikuwa anakaa nyuma, kidevu amekiweka katikati ya viti viwili vya mbele, analihesabia.

"Moja... mbili... haya!"

Usiku ule mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, ile inayochanganyika na vumbi na mafuta ya barabarani kabla haijapata nguvu ya kuyaosha. Kona ya kushoto. Nilikanyaga mapema nikijua teke litanikuta nikiwa nimeshanyoosha usukani. Lilinikuta katikati ya kona. Mkia ukaondoka kwenda kulia, nami nikafanya anachofanya kila mtu ambaye hajafundishwa: nikaachia mafuta yote kwa mara moja, nikakanyaga breki.

Gari lilizunguka mara moja na nusu. Nakumbuka taa zilivyomulika vitu kwa zamu: majani, nguzo, barabara tuliyotoka, majani, nguzo. Likasimama likitazama tulikotoka. Waipa zilikuwa zinaendelea kufuta kioo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hakuna aliyeumia. Rafiki yangu akacheka, nami nikacheka. Kisha nikataka kuwasha gari, mguu wa kushoto ukashindwa kukanyaga klachi, unatetemeka tu juu ya pedali.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na watu huvunjika mbavu. Nguzo huwa siitaji. Ilikuwa hatua nne kutoka mlango wa abiria. Nilizihesabu.

## Warembo na tabia zao

Mpwa wangu alipoondoka nilikirudisha kigari rafuni, na kwa mara ya kwanza nikakitazama kwa macho ya dereva.

Kile kilikuwa kigari cha 911 Turbo, ile iliyoanza mwaka 1975. Mashabiki wenyewe waliibandika jina la mtengeneza wajane. Nguvu farasi 260, turbo moja kubwa yenye uvivu uleule niliousimulia, na injini imening'inia nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu. Ingia kona kwa kasi, uogope, uachie mafuta ghafla: uzito unakimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanapungukiwa mgandamizo, na ule mzigo wa nyuma unaendelea na safari yake kama jiwe kwenye kombeo. Paa ambalo kidole cha mpwa wangu kililiteremka kwa raha namna ile linaishia juu ya jiwe hilo.

Wenzake hawakuwa na adabu zaidi. 300 SL ya milango ya mbawa ilikuwa na ekseli ya nyuma ya kubembea, ambayo gari likielemewa kwenye kona huyabadili magurudumu mlalo na kuondoa mshiko bila hodi. Miura ilikuwa na tangi la mafuta mbele, na pua ambayo kwenye mwendo mkubwa hutaka kuinuka. Kadiri mafuta yalivyopungua, ndivyo pua ilivyokuwa nyepesi.

Nami kwa miaka yote hii nimekuwa nikitamba kwamba magari ya zamani ni wakweli. Kwamba usukani wake unakusimulia kila kokoto. Ni kweli unakusimulia. Lakini habari ya mwisho mara nyingi ilikuja ikiwa imechelewa.

## Wakubwa hawakubaliani

Nililipeleka swali kwa wenzangu, sikuwaambia kwa nini.

Wa kwanza akajibu bila kufikiri: mpe gari la zamani lisilo na kompyuta, ajifunze kwa mikono na miguu yake. Ningemuunga mkono mwezi mmoja kabla. Fundi wa bodi hakusema neno. Aliniita kwenye gari la miaka ya 1960 alilokuwa analikwangua rangi, akaniambia nikae nyuma ya usukani.

"Weka kiganja kifuani. Sasa ifuate fimbo ya usukani kwa mkono mwingine, mpaka inapoishia."

Nikainama. Ilikuwa chuma kimoja kilichonyooka, kutoka kwenye giaboksi ya usukani pale mbele hadi kwenye kiganja changu. Hakuna mahali pa kujikunja. Fimbo zinazojikunja gari linapogonga zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960. Za kabla ya hapo zilikuwa mkuki. Kisha akagonga kwa ukucha ile nguzo nyembamba ya kioo cha mbele, ambayo sote tunaisifia kwa jinsi inavyomwachia dereva uwanja wote wa kuona.

"Hii ndiyo inayobeba paa likipinduka," akasema. "Nzuri. Lakini haina nyama."

Nikashuka humo nikiwa nimeacha imani yangu moja kitini.

Wa tatu alikuwa na jibu la kisasa. Mpe jipya, hata la farasi 300, magari ya sasa yanajilinda yenyewe. Na hoja yake si ya kuchezea. Breki zisizofunga magurudumu, zile za ABS, ziliuzwa kwenye Mercedes S-Class kuanzia mwaka 1978. Mwaka 1995 ukaja mfumo unaohisi mkia ukianza kuondoka, ukafunga breki ya gurudumu moja kabla dereva hajajua kinachoendelea, na tangu mwaka 2014 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya ni lazima liwe nao. Gari langu jekundu lingekuwa na kifaa hicho, pengine usiku ule nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Nilikaa na jibu hilo siku tatu hivi, nimeridhika.

Siku ya nne jamaa mmoja akanipa nijaribu gari lake la umeme. La familia, milango minne, kiti cha mtoto nyuma. Nilikanyaga kidogo kulipita lori. Hapakuwa na ngurumo, wala kungoja, wala teke. Nilipotupa jicho kwenye dashibodi nilikuta mwendo ambao kwenye lile jekundu ungetangazwa na kelele za upepo mlangoni, usukani unaotetemeka na harufu ya kitu kinachoungua. Hapa mwili wangu ulikuwa haujaambiwa chochote. Farasi 260 zilizowatisha watu mwaka 1975 leo zimo kwenye magari ya kubebea watoto, na zimefundishwa kunyamaza.

Kompyuta inaweza kuushika mkia, ila fizikia haijui lugha yake. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza inazidi mara nne. Ilikuwa hivyo kwa E-Type na ni hivyo kwa hilo lenye kiti cha mtoto.

## Hesabu za wengine

Baadhi ya nchi zimelishughulikia swali hili kwa kalamu. Nilichopenda ni kwamba hazihesabu farasi peke yake, zinagawanya nguvu kwa uzito. Majimbo kadhaa ya Australia humzuia dereva mpya kuendesha gari linalozidi kilowati 130 kwa tani (kilowati ni kipimo kingine cha nguvu za injini). Italia ilianza mwaka 2011 na mpaka mkali zaidi, kilowati 55 kwa tani na zisizozidi 70 kwa jumla katika mwaka wa kwanza, ikaja kuulegeza mwishoni mwa 2024. Kwenye pikipiki, Ulaya humpandisha mtu ngazi: kilowati 11, kisha 35, kisha ndiyo aachiwe.

Usiku mmoja niliyapitisha magari ninayoyapenda kwenye hesabu hizo. 911 Turbo ya kwanza ni takriban 160 kwa tani, hata Australia haipiti. Mazda MX-5 ya mwaka 1989, kigari cha watu wawili chenye tabasamu na taa za kuibuka, ni takriban 90. Australia inapita, kwa ile sheria ya zamani ya Italia inakataliwa. Nami MX-5 ningempa mpwa wangu bila wasiwasi wowote.

Bila wasiwasi wowote? Hapo ndipo nilipokwama tena. Kuna kitu ambacho hesabu ya kilowati haikigusi, nacho ni yule aliyekaa kiti cha nyuma akihesabu. New Zealand ilipoanzisha leseni ya hatua kwa hatua mwaka 1987, ilimwekea kijana mipaka ya kuendesha usiku na ya kubeba abiria, na nchi nyingine zikafuata njia hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Nikilitazama lile gari langu kwa haki: turbo ilikuwepo, vipara vilikuwepo, mvua ilikuwepo. Lakini ningekuwa peke yangu, nisingekanyaga.

## Dada alipiga simu

"Kaka, umemwambia nini mwanangu?"

Nikamwambia nimemshauri gari dogo.

"Hilo ameniambia. Anasema mjomba naye alianza na dogo." Akanyamaza kidogo. "Lile jekundu ulilolirudisha alfajiri lina majani kwenye bampa, ukaliosha kabla baba hajaamka, ndilo dogo?"

Miaka yote nilidhani aliyeniona siku ile ni kuku peke yao.

"Mwambie," akasema. "Mimi akinisikia ananiona mwoga. Wewe ndiye mwenye kigari rafuni."

## Uwanjani

Tulikwenda asubuhi kwenye uwanja mpana usio na kitu, sakafu ya zege, na kigari changu cha sasa cha silinda nne ambacho hakuna mtu aliyewahi kukigeukia shingo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Niliitupa njiani, nikamsimulia tu, kuanzia redio na rimu hadi nguzo.

Hakucheka. Aliuliza kuhusu turbo, nikamweleza. Aliuliza nguzo ilikuwa ya chuma au ya mti.

Kisha nikamweka kwenye usukani. Nikachora mstari kwa chaki, nikamwambia afike pale na mwendo wa 30, akanyage breki kwa nguvu zote. Gari likasimama. Akashuka, akahesabu hatua kutoka mstarini hadi tairi za mbele: 7. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda.

"Sasa 60," nikasema.

Safari hii breki zilitetemesha pedali, mkanda ukamkaba, kalamu niliyoiacha juu ya dashibodi ikaruka ikagonga kioo. Akashuka. Alipofika hatua ya 14 alikuwa anatazama mbele, anatafuta gari. Ya 20. Alisimama kwenye ya 27, akageuka kuutazama mstari.

"Mjomba, si nimeongeza mara mbili tu?"

"Mara mbili tu."

Akarudi hadi kwenye chaki, mikono mfukoni, anafikiri.

"Siku ile ulikuwa unakwenda ngapi?"

"Kama 90."

"Na mvua."

"Na mvua."

Akaanza kutembea upya. Alilipita gari pale liliposimama, hakulitazama, akaendelea kwenda, anahesabu kwa sauti. Thelathini na tano. Arobaini. Nilibaki nimesimama kwenye mstari na chaki mkononi, sauti yake inazidi kuwa ndogo.